Msiseme Baba Hasikii

Kwetu Kayole kuna kopo la majani chai lililokaa juu ya kabati la vyombo. Ndani yake utapata funguo mbili ambazo hakuna anayejua zinafungua mlango gani, risiti za stima za zamani, na shilingi elfu themanini na tano. Usiende kuiba. Hizo pesa haziko kwa noti. Ziligeuka mashine mbili za masikio, ndogo kama maharagwe, zenye rangi ambayo kwenye karatasi iliitwa "rangi ya ngozi", ingawa sijaona mtu wa ngozi hiyo tangu nizaliwe mtaa huu. Baba alizivaa siku nne. Siku ya tano alizivua, akazifunga kwa kitambaa cha mkono, akazitia kopo, akarudi kuketi mahali pake.

Tulizichangia. Dada yangu mkubwa alitoa nusu nzima. Kaka alikopa kwa simu. Mimi nilitoa elfu sita nilizolipwa kwa kuandika makala kuhusu jinsi ya kupanga sebule ndogo, na mimi mwenyewe sina sebule. Kwa hivyo unaweza kufikiria hasira iliyojaa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp siku Mama alipotangaza kwamba mashine ziko kopo. Mmoja akaandika, "Mzee ni mkaidi." Mwingine, "Tulijaribu, Mungu anaona." Halafu mjomba, ambaye hakutoa hata bob, akafunga mjadala kwa methali: sikio la kufa halisikii dawa. Watu wakamwekea vidole gumba.

Mimi pia niliweka kidole gumba. Naandika hii kukiondoa.

Tuanze na lugha, kwa sababu lugha ndiyo ilituponza kwanza. Kwa Kiswahili neno kusikia limebebeshwa mizigo mingi. Unasikia sauti, unasikia njaa, unasikia baridi, unasikia uchungu. Na unasikia wakubwa. Mtoto mtiifu ni msikivu. Mtoto mtundu "hasikii". Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa ukisema "Baba hasikii" umesema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba masikio yake ni mabovu, na kwamba yeye ni mtu asiyeambilika. Jirani hajui umemaanisha lipi. Baada ya muda hata wewe hujui. Mtu mwenye goti bovu hatumwambii ana kiburi cha kutembea. Lakini mwenye sikio bovu tunamgeuzia ugonjwa kuwa tabia, kisha tunamkasirikia kwa hiyo tabia tuliyompa sisi. Na ile methali ya mjomba, iangalie vizuri. Sikio la kufa. Mzee ameketi hapo anakunywa chai, sisi tushaimba za maziko.

Sasa niwaambie hilo sikio liliuawaje.

Baba ni fundi wa Kamukunji. Amepiga bati pale tangu kabla kaka yangu azaliwe. Kama ulienda shule ya bweni na lile sanduku la bati, jeusi au la buluu, lenye kishikio kinachokata vidole na jina lako limeandikwa kwa rangi nyeupe, kuna uwezekano mkubwa lilitoka Kamukunji. Kuna uwezekano lilitoka kwa mkono wa Baba. Bati linalazwa juu ya kipande cha reli, linapigwa nyundo mpaka likubali kona. Kona nane kwa kila sanduku. Na hapo hayuko peke yake: kushoto kuna mtu wa karai, kulia mtu wa jiko, nyuma mtu wa wilbaro, mbele mtu ananyoosha pipa. Enzi za Kidato cha Kwanza, msimu wake ulipofika, walikuwa wakipiga tangu alfajiri mpaka giza. Ukipita pale kununua sufuria unaona ni vurugu ya dakika kumi, unaziba masikio, unaenda zako. Yeye anabaki. Amebaki miaka zaidi ya thelathini.

Watu hao tuliwaita jua kali kwa sababu walifanya kazi bila kivuli. Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985 aliahidi mabanda, na mabanda yakaja. Vichwa vikapata kivuli. Masikio hakuna aliyeyafikiria. Mwaka 2005 nchi hii iliandika kanuni za kuzuia kelele kazini: mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na mwenye mahali pa kazi atoe vya kukinga masikio. Ni kanuni nzuri. Shida ni kwamba mwajiri wa Baba ni Baba. Nani angemshtaki nani? Kinga aliyokuwa nayo ni pamba ambayo Mama alichomoa kutoka mto wa zamani.

Na msiniambie hakuna aliyejua. Mwaka 1886 daktari mmoja wa Glasgow, Thomas Barr, alichapisha utafiti kuhusu masikio ya mafundi waliokuwa wakipigilia mitungi ya mvuke, akaonyesha jinsi kazi ile ilivyokuwa ikiwamaliza. 1886! Nairobi yenyewe ilikuwa bado haijazaliwa. Dunia ilijua nyundo inafanyia sikio nini kabla reli ya kwanza haijafika hapa, ile ile reli ambayo vipande vyake Baba anapigia bati. Ndani kabisa ya sikio, kwenye sehemu iliyojikunja kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo. Ndizo zinazoshika sauti. Kelele ikizichosha sana zinakufa, na za binadamu zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya kunywa, hakuna mafuta ya kutia.

Kuna sentensi moja inayotumika kwa kila mzee wa aina hii, na ningependa tuizike leo: "Huyo anasikia akitaka." Huwa inafuatwa na ushahidi: "Mbona ukitaja pesa anasikia?" Nimeisema mimi mwenyewe, tena kwa kicheko.

Hivi ndivyo ilivyo. Sikio la namna hii halipotezi sauti zote kwa pamoja kama redio iliyopunguzwa. Linapoteza kwanza zile nyembamba za juu. S, f, sh, ch, t, k zinaondoka. A, e, i, o, u zinabaki. Sema "nimefika", "nimepika", "nimeshika". Ondoa hizo herufi za katikati uone umebaki na nini. Mzee anasikia mtu ameimba irabu. Kwa hivyo anasema, kama Baba alivyoniambia miaka mingi kabla sijamwelewa, "Sauti naipata. Maneno ndiyo sipati." Ndiyo maana kaka mwenye sauti nzito anasikika na Mama hasikiki. Ndiyo maana mjukuu wa miaka minne akimwita Guka anaitika kuta. Wala kupiga kelele hakusaidii, kwa sababu sikio lililoharibika hivyo lina mlango mwembamba: sauti ndogo haiingii, na kubwa ikiingia inauma. Dakika hii anakwambia "ongea kwa sauti", dakika ijayo anakwambia "mbona unanipigia kelele?" Ukadhani ni uzee umempanda kichwani. Na zile pesa zinazosikika? Mtu akija na habari ya pesa huwa anakuja karibu, anamtazama usoni, anazima redio. Mngemwambia na mambo mengine hivyo angeyasikia pia.

Turudi kwa zile siku nne.

Yule aliyetuuzia mashine alimpima Baba haraka, akamtia mashine masikioni, akapokea pesa na kusema, "Atazoea." Hatukuambiwa kwamba kuzoea kunachukua wiki, wakati mwingine miezi. Hatukuambiwa kwamba mtu hurudi tena na tena ili mashine irekebishwe kulingana na anavyosikia. Sisi tulidhani ni kama miwani: unavaa, unaona. Ubongo uliokaa miaka kwenye ukimya ulifunguliwa milango yote siku moja. Baba alisema karatasi ya nailoni inapasuka kama moto. Maji ya mfereji yalikuwa mvua ya mawe. Siku ya tatu alienda nazo Kamukunji. Sitaki hata kueleza.

Siku ya nne ilikuwa jioni, tumekula pamoja. Kaka akamwambia Mama, kwa sauti ya kawaida tu, ile tunayotumia mbele ya Baba kama mtu anayeongea mbele ya kabati: "Huyu sasa tutakuwa tukimlipia mpaka lini?" Niliona mkono wa Baba ukisimama juu ya ugali. Sekunde moja, mbili. Kisha ukaendelea kumega. Asubuhi mashine zilikuwa kopo. Baadaye alimwambia Mama maneno machache tu: "Kumbe ndivyo huwa mnaongea."

Wahenga wanasema sikio halilali na njaa. La Baba lilikuwa limelala njaa miaka, na tulipoliandalia, chakula cha kwanza kilikuwa hicho. Halafu tukashangaa limekataa kula.

Kuna watu wanaofaidika na mzee asiyesikia, na hapa ndipo makala hii inanigeukia.

Mtu asiyesikia vizuri hujifunza kusema "sawa". Amechoka kuuliza "ati?" mara tatu na kuonekana mjinga, kwa hivyo anasema sawa ili maisha yaendelee. Hiyo sawa ina thamani, wasee. Ukiwa na haraka unaweza kuikusanya kama sahihi. Mjomba yule yule wa methali aliitumia ocha, kwenye mkutano wa mpaka wa shamba. Kila mtu aliongea kwa wakati mmoja, Baba akasema sawa, kidole gumba kikawekwa wino. Leo ukiuliza unaambiwa, "Aliambiwa, alikuwepo." Kuambizana kuko, kusikilizana hapana.

Mimi nilifanya vibaya zaidi. Nilipoacha chuo, mwaka wa tatu, karo imenishinda na moyo umekufa, nilimpigia Baba simu kumwambia. Nilipiga saa tano asubuhi, siku ya kazi. Nilisema, "Baba, nimeacha chuo." Nyundo zikajaa kwenye simu. Akajibu, "Eeh. Sawa. Soma kwa bidii." Nikakata. Na kwa zaidi ya mwaka, dada akiniuliza kama Mzee anajua, nilikuwa nasema, "Nilimwambia." Hakuna aliyenishika kwa uongo. Nilikuwa na ushahidi.

Kwa hivyo mnaposema Baba anakataa dawa, mimi najiuliza ni nani hasa hapa hataki Baba asikie.

Najua mtakachosema. "Basi tumwache agongwe na boda?" "Na Mama je?" Hayo ni maswali ya haki na sitayakwepa. Mama amekuwa masikio ya watu wawili. Anamtafsiria kanisani, dukani, kwa simu, na koo lake limeharibika. Baba akikataa mashine, bei inalipwa na Mama, na yeye hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kulipa. Hapo Baba ana makosa na nimemwambia. Pia najua kwamba wataalamu wa kimataifa walioandika ripoti ya shida ya akili ya uzeeni katika jarida la Lancet, mwaka 2020 na tena 2024, wameweka upotevu wa kusikia kati ya mambo yanayoongeza hatari ya ugonjwa huo, na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Mtu asiyeongeleshwa anazimika polepole. Nataka Baba avae mashine. Nataka sana.

Ninachokataa ni ule mpango wetu wa kununua kitu cha elfu themanini na tano ili tupate ruhusa ya kutobadilika. Tulitaka mashine ifanye kazi yetu. Tuendelee kumwita kutoka jikoni maji yakimwagika. Tuendelee kuongea watano kwa pamoja na runinga ikiwa juu. Tuendelee kuinamia simu tukimjibu, midomo haionekani. Na akiuliza "umesema nini?" tuendelee kumpa lile jibu baya kuliko matusi yote: "Achana nayo, si muhimu." Hakuna mashine duniani inayotibu hilo.

Vya kufanya ni vidogo na havina bei. Keti mbele yake, mahali penye mwanga. Mguse bega au mwite kwanza kabla hujaanza habari yako. Zima runinga. Ongea polepole kidogo, sauti ya kawaida. Asipopata sentensi, usiirudie ile ile mara nne, ibadilishe maneno. Jambo zito, mwandikie pia. Mkiwa wengi, mmoja aongee. Kisha, ukishamwonyesha kwamba kuna mazungumzo ya kurudi, ndipo umwombe arudi kwa mtaalamu, na muende pamoja, na murudi tena, na tena. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima, washiriki kikamilifu mambo ya jamii, na wapate matunzo kutoka kwa familia na serikali. Kushiriki mambo ya jamii kunaanzia mezani kwenu.

Na nyinyi mnaosoma hii kwenye mathree, spika ya basi ikiwapiga mgongoni na vispika vingine mmeviziba masikioni ili kuishinda hiyo ya basi: Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako kwenye hatari ya kuharibu masikio yao kwa namna wanavyosikiliza. Baba alipoteza yake akitulipia karo. Sisi tunayapoteza bure, tukielekea tao. Siku moja mtoto wako ataweka kidole gumba chini ya methali.

Jumapili iliyopita nilienda nyumbani. Baba alikuwa nje kwenye stuli yake, jua la asubuhi likimpiga usoni. Nilitoa stuli nyingine nikaketi mbele yake, magoti karibu yagusane. Nikamgusa mkono. Nikasema, bila kupaza, "Baba, niliacha chuo. Sasa ni zaidi ya mwaka."

Alinitazama mdomo, halafu macho.

"Niliona godoro," akasema.

Sikuelewa. Akanielezea taratibu, kama mimi ndiye mwenye masikio mabovu. "Mwanafunzi harudi nyumbani Februari na godoro kichwani. Mimi masikio ndiyo yameharibika. Macho ni mazima."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

"Nilikupigia simu, Baba."

Hapo alinyamaza kidogo, akaokota kijiti, akaanza kukivunjavunja. "Ulinipigia nikiwa kazini," akasema. "Na wewe umekulia pale, ukiniletea chakula. Unaijua kelele ya pale."

Hakusema zaidi. Aliniuliza kama kuandika kunalipa. Nikamwambia kunalipa vibaya. Akacheka, akasema hata sanduku lilianza hivyo. Tuliongea karibu saa nzima, na sikumbuki mara ya mwisho tulipoongea hivyo. Nilipomwomba twende pamoja kwa mtaalamu mwingine, zile mashine zikarekebishwe, alisema, "Tutaona." Anayemjua Baba anajua kwamba akikataa hukataa mara moja. Tutaona ni mlango ulioachwa wazi kidogo.

Usiku huo niliandika kwenye kikundi: "Baba hakuzaliwa hivi. Alipoteza masikio akipiga masanduku yaliyotupeleka shule. Kuanzia leo, mwenye neno lake aje aketi mbele yake amwambie. Na lile jambo la mpaka wa shamba tutalifungua upya, mmoja mmoja akiongea, Baba akiwa ameketi penye mwanga."

Hakuna aliyeweka kidole gumba. Mjomba aliondoka kwenye kikundi.